Zege Nililolinywesha

Kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa kunywesha mawe maji. Usicheke. Ilikuwa mgodini, upande wa Geita, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kiangazi kimekaza hata nyasi zinavunjika ukizikanyaga. Mume wangu alikuwa seremala pale, nami nilimfuata kutoka Didia ndoa yetu ikiwa bado mbichi. Nyapara, Mzinza mmoja mwenye ulimi mkali, akanipa kata na debe, akanionyesha vitofali vya zege vilivyopangwa kivulini chini ya magunia.

"Hawa ndio watoto wako. Wasikauke."

Nikauliza ni vya nini. Akasema vikishakomaa vitavunjwa.

"Nivilee kisha vivunjwe?"

"Ndiyo kazi. Kama hutaki, sema."

Loo! Kwetu Didia maji tuliyafuata alfajiri tukagombana na ng'ombe kisimani, na huku mimi nayamwagia mawe ya kuvunja! Jambo hilo lilinikera. Mama mkwe alipokuja kututembelea nikamweleza habari za kazi, na kwamba ndani ya zege huwekwa nondo. Akashika kinywa. "Mayu! Nondo huyu anayetoboa khanga zangu?" Nilicheka hadi nikakaa chini, nikamwambia ni vyuma virefu tu. Hakuniachia. "Haya, na hicho chuma humo ndani kinakula nini?"

Swali lilinipendeza, nikalibeba kazini.

Aliyesimamia vitofali alikuwa mzungu mwembamba, Kiswahili chake kinachechemea kuliko hata changu mimi Msukuma. Nilimwamkia, nikamuuliza vilevile kama mama mkwe alivyouliza. Hakucheka. Alisema chuma hakili, chuma ndicho huliwa, na kutu, zege likiwa na nyufa za kupitisha maji. Nikasema mbona basi mimi nalimwagia maji? Akasema zege changa si kama tope la ukutani. Haligeuki gumu kwa kukauka, hukomaa kwa kunywa. Likinyimwa maji mapema linabaki dhaifu hadi uzee wake. Na vitofali vyangu vilikuwa zege lilelile lililomwagwa kwenye jukwaa la kubebea tangi la maji la mgodi. Akivibana kwa jeki hadi vipasuke, anajua jukwaa litabeba mzigo gani.

Jukwaa lile nililijua. Lilikaa juu ya nguzo nne, na chini yake mume wangu alikuwa amesimamisha msitu wa miti kulishikilia mpaka likomae. Siku ya kuing'oa, yeye ndiye angeingia chini na nyundo.

"Na lile," nikasema, "nani analinywesha?"

Akasema yuko mtu aliyepangiwa, akanyoosha kidole juu. Kulikuwa na kitofali kingine kule, akasema, kimewekwa palepale kiishi kama jukwaa linavyoishi. Hicho ndicho angekivunja kabla ya kutoa ruhusa.

Nikapanda ngazi. Magunia yaliyofunika jukwaa yalikuwa makavu yanakatika mkononi! Mtu aliyepangiwa kuyalowesha alikuwa ametoroka kwenda kujichimbia dhahabu, na nyapara hakuwa na habari. Nilimtukana yule mtoro kwa Kisukuma chote nilichonacho. Kisha nikashuka, nikarudi na debe.

Kitofali kilikuwa karibu na ngazi, kidogo, kata moja inakitosha. Nikainua mkono. Hapo nikashtuka. Nikikinenepesha hiki peke yake, kitasema jukwaa ni zima, na mume wangu ataingia chini kwa ushahidi wangu wa uongo. Nikalowesha jukwaa lote kwanza, pembe hadi pembe, mgongo unaniuma, nyapara anafoka chini kwamba namaliza maji. Kitofali nikakipa sawa na jukwaa. Tangu siku hiyo nilipanda kila asubuhi, na nilikuwa na hofu, maana sikujua kama jukwaa limenyimwa maji mno kabla yangu.

Siku ya jeki nilisimama mbele kabisa. Yule mzungu alikibana kitofali cha juu, akabana. Moyoni nakiambia kitofali, kaza, baba, kaza. Kikachelewa, kikachelewa, kisha kikapasuka kwa mlio. Akatazama saa ya jeki inayopima nguvu, akaitikia kwa kichwa. "Ng'oeni."

Mume wangu akaingia na nyundo. Nami nikaingia.

"Toka, mwanamke! Una wazimu?"

"Kama ni la kuanguka, mimi ndiye niliyelilisha."

Nyapara alipiga kelele, lakini hakuna aliyethubutu kuja kunitoa. Mti wa kwanza ukaanguka. Wa pili. Miti yote ikaisha, tukabaki sisi wawili tunatazama juu. Kitu kikamdondokea mume wangu shingoni, akaruka, akajipapasa, akaniangalia.

Yalikuwa maji yangu ya asubuhi ile, yamechuruzika kutoka ukingoni; jukwaa limesimama.