Nilitupa kibuyu cha mama Ufaransa, kikanifuata mpaka Sigowet

Wakuu, chamgei. Ndiyo salamu ya kwetu, na ukijibu vivyo hivyo tumeelewana.

Nimekuwa msomaji wa kimya humu miaka mingi, kazi yangu kucheka comments na kulala. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu wa mvua uliopita. Sitajipaka rangi. Palipo na ujinga wangu nitauita ujinga.

Mimi ni wa upande wa Sigowet, Kericho. Nyumbani tuna chai kidogo, mahindi na ng'ombe wanne. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, kwa hivyo mama ndiye kila kitu.

Nilipata scholarship ya kusoma teknolojia ya maziwa Rennes, mji wa magharibi mwa Ufaransa. Mvua yao ni kama ya Kericho, ila haina adabu. Yetu inajulikana, inakuja saa nane mchana. Ya kwao inanyesha inavyotaka.

Wiki ya kuondoka, mama akanitengenezea mursik.

Kwa wasioijua, ni maziwa yaliyochachushwa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti fulani. Yanakuwa ya kijivu kidogo, yana ladha ya moshi. Kwetu mtoto akirudi na ushindi hupewa mursik. Mama aliamua kunipa kabla, eti nisiende Ulaya na tumbo la kigeni.

Kibuyu chenyewe alipewa na mama yake alipoolewa. Kilikuwa na ufa shingoni ulioshonwa kwa uzi wa ngozi, na mshipi wa ushanga. Aliniambia mursik ni yangu, ila kibuyu kirudi.

Nilikifunga kwa sweta mbili nikakizika katikati ya sanduku. Msiniulize kilivyopita customs. Hata mimi sijui.

Hosteli nilipangwa chumba kimoja na Demba, Mfulani kutoka kaskazini mwa Senegal. Kwao pia ni watu wa ng'ombe. Nilipokifungua kile kibuyu, Demba alikuja akanusa, akacheka, akasema mama yake naye huweka maziwa kwenye kibuyu. Nikammiminia kikombe. Alikunywa amefumba macho.

Nikajua nimepata ndugu.

Sasa aibu inaanza.

Jumapili moja tuliwaalika wanafunzi wenzetu watano kwa chakula cha mchana kwenye jiko letu la pamoja. Kati yao alikuwepo Claire, msichana niliyekuwa nimemtolea macho tangu siku ya kwanza. Demba alipika wali na samaki. Mimi nilikuwa nazungukazunguka na glasi nikijifanya mwenyeji.

Jamaa mmoja akafungua friji kutafuta cheese. Akakiona kibuyu. Akang'oa kifuniko.

Anayejua mursik ya wiki tatu anajua inavyotoa hewa. Harufu ikajaa jikoni. Yule jamaa akauliza kwa sauti nani ameficha maiti humu. Wote wakacheka huku wamejiziba pua. Claire pia.

Kisha wakatugeukia sisi wawili. Waafrika tulikuwa sisi tu.

Wakuu, nilinyoosha kidole. "C'est à lui," nikasema. Ni chake huyu.

Demba aliniangalia. Halikuwa jicho la hasira, hilo ningekuwa nimeshalisahau. Alikuwa kama mtu anayesubiri nimalizie utani. Nilipoinamia glasi yangu, akakichukua kibuyu, akawaomba wenzetu radhi, akaenda nacho chumbani na kufunga mlango.

Sisi tukala samaki wake.

Na hawa watu, wakuu, wanakula cheese yenye ukungu wa buluu inayonuka kama soksi za mkimbiaji. Mimi nilikuwa nimekuja kusomea hayohayo, maziwa kuchacha! Mwalimu alikuwa anatufundisha wiki nzima kwamba huo ni utamaduni wa watu. Nilikuwa naandika notes.

Kesho yake Demba akiwa darasani, nilimwaga mursik kwenye sinki, nikashuka chini na kibuyu, nikakitia kwenye pipa la taka. Nilijiambia ni kwa sababu ya harufu. Ukweli ni kwamba sikutaka Claire akione tena. Na Claire mwenyewe, mpaka tunamaliza masomo, hakuwahi kulitamka jina langu sawasawa.

Demba hakuuliza kibuyu kimeenda wapi. Alinisalimia kila asubuhi kama kawaida. Tuliishi hivyo mwaka mmoja na nusu, na neno pole halikunitoka mdomoni.

Mama naye kila akipiga simu, swali ni lilelile. Kibuyu kiko salama?

Siku moja nikachoka, nikatunga. Nikamwambia mwalimu wetu ameonja mursik, ameipenda, ameomba kibuyu akiweke kwenye kabati la vioo pale chuoni ili wanafunzi wajifunze. Nilidhani atanung'unika kidogo na mambo yaishe.

Mama alilia kwa furaha. Jumapili iliyofuata akasimama kanisani kutoa ushuhuda. Kibuyu cha marehemu mama yake kinafundisha Wazungu.

Niliporudi nyumbani nilipokelewa kwa nyimbo. Mama akaazima kibuyu cha jirani kwa sababu chake cha sherehe, akasema, kiko kazini Ulaya. Watu wakapiga makofi. Nikapewa mursik ya ushindi mbele ya kanisa zima, na nikainywa yote, mpaka tone la mwisho.

Nikapata kazi kwenye kiwanda kidogo cha maziwa huko Londiani, nikaanza kuamini nimeponea.

Msimu wa mvua uliopita Demba akaniandikia. Yuko Nairobi kwa mafunzo ya mifugo ya miezi mitatu, na angependa kumsalimia mama yangu. Ningesemaje hapana? Nikasema karibu sana.

Alifika Jumamosi asubuhi. Mama alikuwa amewaita akina mama wawili wa fellowship yake waje wamwone mgeni aliyesoma na mtoto wake. Akajitahidi na Kiswahili chake: "Karipu mukeni wetu, kaa hapa karipu na moto." Demba hakuelewa neno, ila alikaa.

Kisha akafungua begi, akatoa kitu kimefungwa kwa taulo.

Mama alikitambua kabla taulo haijafunguka yote. Alipitisha kidole kwenye ule mshono wa shingoni. Akakinusa ndani, akaruka.

"Nani ameosha hii na sapuni?"

Akina mama wakaangua kicheko. Kibuyu cha maziwa na sabuni wapi na wapi! Mama alikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu siku nilipopata scholarship. Akanigeukia, akaniambia kwa Kikipsigis nimuulize mgeni kama ni mwalimu ndiye amemtuma.

Nikatafsiri. Sauti yangu niliisikia kwa mbali.

Demba akaniangalia. Jicho lilelile la jikoni. Kisha akasema taratibu kwa Kifaransa, "Mwambie mama ulinipa nikutunzie, na mimi ndiye niliyechelewa kukirudisha."

Wakuu, mnaona? Mara ya pili alikuwa anaubeba mzigo wangu. Na mle ndani Kifaransa tulikijua sisi wawili tu. Nilikuwa na haja ya sentensi moja tu ya uongo mdogo na siku yangu ingeisha vizuri. Nilifungua mdomo kabisa niiseme.

Nikashindwa. Nikasema yote. Nilisema kwa Kikipsigis nikiwa nimekodolea macho mguu wa kiti. Kwamba hakuna mwalimu, hakuna kabati. Kwamba nilikitupa kwenye taka na huyu mtu lazima alikitoa humo. Kwamba watu walipocheka, nilisema ni chake.

Akina mama wakaangalia chini. Mmoja alikuwa na kikombe mkononi, akakosa pa kukiweka.

Nilisubiri mama afoke. Ningeshukuru angefoka. Aliuliza swali moja tu.

"Na siku hiyo, huyu mtoto alikula?"

Mwaka mmoja na nusu nimelala mita mbili kutoka kwake na sikuwahi kujiuliza kama alionja ule wali alioupika. Ikabidi nimuulize Demba. Alicheka kidogo, akasema hakumbuki. Mama hakuhitaji tafsiri.

Akaingia jikoni, akarudi na mursik ya kibuyu chake cha kila siku, akammiminia Demba mpaka ukingoni. "Kunywa, kijana yangu." Akamsimamia mpaka akamaliza.

Kisha akaniletea mimi chai. Chai ya sukari, kwenye vile vikombe vya kabatini, na kisahani chini yake. Wa kwetu mnajua vikombe hivyo hutolewa kwa ajili ya nani. Ni vya mgeni.

Mchana tulitembea na Demba shambani, katikati ya chai, nikamwomba msamaha nikiwa nimechelewa karibu miaka mitatu. Alisema alinisamehe zamani. Ila akaniambia kibuyu hakukitoa kwenye taka kwa ajili yangu. Alikitoa kwa ajili ya mwanamke aliyekishona.

Jumapili yake mama alisimama tena kanisani. Akasema ushuhuda aliotoa haukuwa wa kweli, na anaomba waumini wamsamehe. Hakunitaja. Nilikuwa benchi la nyuma, na hakuna aliyegeuka kuniangalia. Hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nilichojifunza ni hiki. Ukionea aibu kitu cha kwenu, aibu hiyo haipotei, inambidi mtu mwingine aibebe. Yangu ilibebwa na Demba, kisha na mama, na mimi nikawa nakunywa na kupigiwa makofi.

Mama alikisugua kile kibuyu wiki nyingi, mkaa juu ya mkaa, mpaka harufu ya sabuni ikatoka. Sasa kinaning'inia jikoni, kimejaa. Nimeshaenda nyumbani mara nne tangu siku ile. Mama ananicheka, ananipikia, ananiuliza habari za kazi. Halafu ananiletea chai na kisahani.

Matusi leteni, nimekuja nikiwa tayari. Lakini kuna mama humu, na kuna waliowahi kuwakosea mama zao. Naomba mnisaidie kwa hili moja, maana Jumamosi naenda tena.

Mtu anaanzaje kumwomba mama yake mursik?