Ramani ya Mashimo ya Pweza

Kila namba iliyomo kwenye ripoti yangu ya mwaka wa tatu ni ya kweli. Nasema hivyo mapema kwa sababu watu wakisikia mtu mzima anajutia kazi yake ya chuo, hudhani alipika matokeo. Sikupika. Nilihesabu pweza mmoja mmoja, nimeinama, jua la Mtwara linanichoma shingo. Profesa wetu wa zoolojia, mzungu mmoja mpole aliyevaa soksi ndefu mpaka magotini, akaandika pembeni kwa wino mwekundu kwamba hajapata kuona kazi safi kama ile kwa mwanafunzi wa shahada ya kwanza. Niliwapita wavulana wote darasani. Wasichana tulikuwa wanne tu, na mimi sikuwa mtu wa kunyamaza nikishinda.

Biolojia niliichagua kwa ubishi. Baba, karani wa bandari, alitaka niwe muuguzi kama shangazi. Wazazi wangu walitoka Songea, wakaletwa Mtwara na kazi, tukaishi Shangani katika nyumba ya serikali iliyotazama bahari. Lakini mama hakuwahi kumruhusu pweza kuingia jikoni mwake. "Kitu hakina mfupa wala aibu," alikuwa akisema. Hivyo nilikua miaka yote ile kando ya maji nisijue kilichomo ndani yake zaidi ya dagaa na changu. Ni Dar es Salaam, katika maabara iliyonuka fomalini, ndipo nilipomwona pweza kwa karibu mara ya kwanza. Alikuwa ndani ya chupa, mweupe kama karatasi. Nikampenda palepale, na sijui kwa nini.

Chuo kilinifaa. Tulipasua mende, tukapasua chura, tukapasua panya. Tulichora kwa penseli iliyochongwa mpaka ikawa sindano, na ole wako ukitia kivuli kwenye mchoro. Majina ya Kilatini tuliyakariri tukifua nguo. Na sote, wa sayansi na wa sanaa, tulikaa katika somo la Maendeleo, tukafundishwa kwamba elimu si mali ya aliyeipata bali ni ya wakulima na wafanyakazi waliomsomesha. Nilikuwa napiga makofi kwa nguvu. Niliamini, na hata leo siwezi kusema kwamba maneno yale yalikuwa mabaya.

Mwaka wa tatu kila mmoja alitakiwa kufanya utafiti wake mwenyewe. Nikachagua pweza wa kwetu. Jirani yetu wa Shangani alikuwa akinunua pweza wakavu kwa mama mmoja mjane, mtu wa kijiji kilichoko kusini, upande wa mdomo wa Ruvuma. Kijiji hicho sitakitaja. Nilipomweleza yule mama ninachotaka, alinitazama kuanzia viatu mpaka nywele, akauliza kama nyumbani kwetu hakuna kazi. Kisha akasema nije Agosti, siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali kabisa na mwamba kubaki wazi.

Nikaenda. Nilikaa kwake wiki tatu, nikamwita mama, na yeye akaniita mwanangu kabla ya siku ya pili kuisha.

Pweza hukaa katika shimo la mwamba. Ukimtoa huyu, baada ya siku chache mwingine anahamia, kwa hiyo shimo zuri halikosi mpangaji. Wanawake wa kijiji kile walirithi mashimo kwa mama zao. Hayakuwa na alama wala uzio. Kila mmoja aliyajua yake kichwani, na mwenzio akiinama kwenye lake, wewe ulitakiwa kugeuza uso. Kumtazama kulikuwa sawa na kumchungulia mtu bafuni. Yule mama alikuwa na mashimo kumi na tisa. Mtu mwingine pekee aliyeyajua alikuwa binti yake, aliyeolewa nyumba tatu kutoka pale. Binti alikuja kila jioni kumsuka mama yake na kunicheka mimi nilivyokuwa nikila mikono ya pweza kwa macho yaliyofumbwa.

"Yalimlisha mama yangu, yakanilisha miye," mama aliniambia siku ya kwanza tulipokanyaga mwamba. "Nikifa ni ya huyu mwanangu. Wa tatu kuyajua ni weye. Usimwonyeshe mtu."

Nikasema sitamwonyesha.

"Apa. Apa kwa Mungu wako weye, wa kanisani. Na miye atanisikia."

Nikaapa, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu.

Kazi ilikwenda vizuri mno. Yeye alishika ncha moja ya kamba, mimi nyingine, tukapima umbali kutoka jiwe moja kubwa lililosimama peke yake. Kila shimo nikalipa namba. Nikaandika kina chake, upana wa mdomo wake, nani yumo, ana uzito gani. Alinionyesha shimo lililozibwa kwa vijiwe kwa ndani, nje hakuna hata ganda la kaa, akasema hapo mama amelalia mayai, hapaguswi. Hali chakula mpaka watoto watoke, na wakitoka yeye anakufa. Nikamwambia wataalamu nao wameandika hivyohivyo katika kitabu. Alicheka mpaka akaegemea fimbo yake.

"Walikuja kumwuliza nani?"

Jioni nilichora ramani yangu kwenye karatasi ya grafu, kwa penseli ileile kali. Aliisogelea na kibatari akauliza ni nini. "Namba tu, mama," nikasema. Hakuwa amesoma. Akaridhika.

Siku ya kuondoka nilipitia ofisi ya kijiji kuaga. Ndiyo ilikuwa desturi: ukiingia kijijini na barua ya chuo, unatoka kwa kuaga. Katibu alikuwa kijana wa bara, aliyeletwa pale na kazi kama wazazi wangu walivyoletwa Mtwara. Alinipa kiti chenye mgongo. Alinipa chai yenye sukari, na hizo zilikuwa siku ambazo sukari ilitafutwa kama dawa. Akasema, "Ndugu mwanafunzi, tuachie maelezo mafupi tu kwa ajili ya jalada letu." Maelezo mafupi. Nilikuwa nayo, ukurasa mmoja, nimeyaandika usiku wa jana yake. Nikampa.

Aliyasoma, akainua kichwa. "Wasomi wengi wanakuja kuchukua, hawarudishi kitu kwa wananchi," akasema. "Nyie wachache ndio tunaowataka."

Kichwa changu kikavimba. Ramani hakuiomba. Hakujua hata kama ipo. Mimi mwenyewe nilifungua faili, nikaitoa nakala niliyokuwa nimeinakili kwa ajili ya profesa, nikaitandaza mezani kwake na kuanza kumweleza: jiwe ni hili, kaskazini ni huku, kila mraba ni hatua kumi. Nilitaka aone jinsi ilivyo nadhifu. Kiapo nilikikumbuka, sitajifanya nilikisahau. Nilijiambia kwamba ofisi si mtu.

Akaniomba abaki nayo. Nikamwachia.

Desemba, likizo ilipofika, nilirudi kuhesabu mara ya pili, kwa sababu utafiti ulihitaji misimu miwili. Nilimkuta mama amekonda. Mwezi Oktoba kijiji kilikuwa kimeanzisha mradi wa pweza. Katibu aliwaongoza vijana mpaka mwambani akiwa na karatasi mkononi, akawaelekeza shimo baada ya shimo. Hawakuwa na fimbo. Walikuwa na nondo. Walivunja midomo ya mashimo ili mkono uingie. Waliwatoa wote, hata waliolalia mayai. Bamvua ya kwanza walijaza magunia, ya pili wakapata kidogo, ya tatu hawakupata kitu, na mradi ukafa. Katibu hakusema karatasi aliipata wapi. Huenda alitaka ionekane ni akili yake. Kwangu mimi lilikuwa fumbo la bei rahisi, nililifumbua nikiwa bado sijavua viatu.

Ingekuwa hivyo tu, ningemlaumu katibu, nikalaumu na siasa ya wakati ule kama wenzangu wengi wanavyofanya siku hizi, nikalala usingizi wangu. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ningesema bahati mbaya, safari hii methali haikushika. Lakini jioni ile niliona kwamba binti hakuja kumsuka mama yake. Kesho yake pia hakuja. Nywele za mama zilikuwa timutimu chini ya mtandio.

Tulikwenda mwambani siku tatu. Alinishikia kamba kama zamani, ingawa sasa ilikuwa kazi ya kupima utupu. Nikaandika sifuri, sifuri, sifuri. Nami, Mungu anisamehe, huku moyo unauma, kuna sehemu ya kichwa changu iliyokuwa ikifurahi. Tofauti kati ya Agosti na Desemba ilikuwa kubwa na wazi, matokeo ambayo mwanafunzi huyaota. Niliona kabisa grafu itakavyokaa ukurasani.

Sikuwahi kurudi kijijini kule baada ya hapo. Nilifundisha biolojia miaka mingi, shule za mbali na karibu, na mara kadhaa nilipita Mtwara mjini nikiwa na muda wa kutosha. Jirani wa Shangani ndiye aliyenipa habari kwamba yule mama amefariki, na kwamba msibani binti yake alikaa nje ya ua pamoja na wageni.

Kwa hiyo nimalizie na lile ambalo sijamwambia mtu, hata mume wangu.

Ilikuwa alasiri ya siku ya pili ya kwenda mwambani. Tulikuwa uani, yeye anamenya mihogo, mimi nanakili namba. Yalikuwa yamebaki mashimo saba na siku moja ya bamvua. Nikajikaza nikamwuliza kuhusu binti.

"Yule si mtoto," akasema. "Mashimo tuliyajua watu watatu. Mumewe ni mmoja wa waliobeba nondo. Nani mwingine aliwaambia?"

Nikainamia daftari langu. Akamenya muhogo mzima, kisha akaweka kisu chini.

"Mwanangu, nikuulize. Ile karatasi yako hukumpa mtu?"

Nikageuza ukurasa. Yeye akaendelea, kwa sauti ya chini ambayo hakuwa akiitumia na mimi.

"Kama ulimpa, sema tu. Sitakufukuza. Weye ni mgeni. Mgeni akikosea anasamehewa, anapanda gari lake anakwenda zake, na miye nabaki na mwanangu. Sema, mama."

Alikuwa ananiomba niwe mimi. Nilielewa hivyo palepale, si baadaye. Uso wake wote ulikuwa unangoja niseme ndiyo. Nikawaza mashimo saba. Nikamwaza profesa na wino wake. Nikawaza aibu ya kula tena chakula chake jioni ile.

"Hapana, mama," nikasema. "Sikumpa mtu."

Akatikisa kichwa taratibu, akaokota kisu na muhogo mwingine.

"Haya," akasema. "Basi ni yeye."