Mwandishi Aliyesifiwa kwa Chai

Jumamosi tulimzika kule kijijini Rodi Kopany mama yule ambaye vitabu vyake vinasomwa mpaka ng'ambo. Shemeji yake, mzee wa boma, alishika kipaza sauti akamsifu: alizaa watoto, aliheshimu wakwe, na chai yake haikuwa na mfano. Kisha akaanza kuita kwaya.

Rafiki wa marehemu, aliyesoma naye, akasimama. "Jaduong', mzee wetu, na vitabu alivyoandika?"

Mzee akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Hayo ni mambo yake ya Nairobi. Hapa tunazika mke wetu."

Na watu wakapiga makofi! Makofi, jamani!

Mimi chai ya marehemu sikuwahi kuionja hata tone. Sasa pale kaburini nilikuwa nikililia nini?