Alama Penye Kikapu cha Tano

Okinyi alifika Kombewa saa nne asubuhi, amevaa viatu vyake vya darasani kwa kuwa hakuwa na vingine. Ardhi aliyoijia ilikuwa ya marehemu baba yake mpaka miaka mitatu iliyopita, Okinyi alipomuuzia Wahome, mwenye duka la vifaa vya ujenzi mjini Kisumu. Sasa Wahome alikuwa ameipanda nyasi na kusimika vikapu tisa vya minyororo, na watu wa mjini walikuja Jumapili kurusha visahani vya plastiki kutoka kikapu hadi kikapu. Wahome alikuwa amempigia Okinyi simu: "Mwalimu, njoo uone nilichofanya pale kwako."

Neno hilo, kwako, lilimkera njia nzima. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amewafundisha wanafunzi jinsi wakoloni walivyowapokonya watu ardhi. Yake mwenyewe aliitoa kwa kalamu, akitabasamu.

Wahome alimsimamisha mahali pa kurushia kuelekea kikapu cha kwanza, juu ya mawe saba bapa yaliyolazwa vizuri ardhini.

"Usirushe kama unafukuza ng'ombe, Mwalimu. Vuta mkono mpaka kifuani, kisha uachie."

Okinyi akarusha. Kisahani kikapinda kushoto, kikatumbukia kichakani. Wahome akacheka mpaka akashika magoti.

"Na digrii yote hiyo!"

"Digrii haikuwa ya sahani, bwana."

Wahome akampa kisahani kingine, chekundu, kidogo kama kifuniko cha kopo. Hicho kilikuwa cha kuweka alama. Kabla ya kuinua ulichorusha, alieleza, unaweka hiki chini, na kutoka hapo ndipo utarusha tena. Huruhusiwi kusogea penye nafuu. "Hakuna refa. Unajisimamia mwenyewe."

Penye kikapu cha tatu walipita makaburi ya baba, mama na nyanya yake Okinyi. Wahome alikuwa ameyazungushia uzio mweupe na kupanda maua. "Ulinionyesha matatu, nimeyatunza matatu," alisema. Okinyi alishukuru, na shukrani hiyo ilitoka moyoni kweli.

Kurusha kwake kuelekea kikapu cha tano kulimshangaza hata yeye. Kisahani kilikwenda moja kwa moja, kikagonga minyororo, kikaanguka chini yake.

"Eh! Omera, ndugu yangu! Sasa umekuwa mchezaji!"

Alikwenda kukiokota akiwa bado anacheka. Alipoinama akaona kisiki cha mnyaa, kisha kingine, kisha vingine vimefuatana kwa mstari. Huo ulikuwa ua wa boma lao. Yeye alikuwa amesimama nje yake, na nje ya ua, upande huo huo, ndipo alipozikwa Agneta.

Agneta alikuwa dada yake mkubwa. Alikaanga samaki wa kuuza mtaani Obunga, Kisumu, miaka kumi na mmoja, na karo ya Okinyi, mpaka chuo kikuu, ilitoka kwenye karai lile. Hakuolewa. Alipofariki, mila haikumruhusu binti asiyeolewa kulala ndani ya boma, wakamzika nje, na mama yao akalizungushia kaburi mawe saba bapa. Siku ya kuuza ardhi, Wahome aliuliza kuhusu makaburi. Okinyi akayahesabu yaliyo ndani ya boma, kama watu wa kwao wanavyohesabu. Je, alisahau? Alitamani kuapa kwamba alisahau, lakini kiapo kilimkwama.

"Wahome, hapa palikuwa na mawe?"

"Hapo? Ndiyo, mafundi waliyatoa wakati wa kusimika kikapu. Bapa, mazuri sana. Si ndiyo uliyosimama juu yake pale mwanzo?"

Okinyi alitazama viatu vyake. Kisha akamweleza yote, polepole, bila kupunguza neno. Wahome alivua kofia.

"Nilikuuliza, Mwalimu."

"Uliniuliza."

"Nikakuuliza tena, hakuna lingine? Ukasema hakuna."

"Nilisema hakuna."

Wahome alizunguka kikapu mara moja, akikanyaga kwa uangalifu kama mtu anayepita penye mtoto aliyelala. Hatimaye alisema, "Nitaking'oa kesho. Mawe yatarudi, na nitamjengea kama wale wengine. Wewe nionyeshe tu kichwa kilipo na miguu ilipo. Weka alama."

Okinyi alikifungua kiganja. Kisahani chekundu kilikuwa kimelowa jasho. Siku ya mazishi yeye alikuwa na mtihani chuoni. Alifika siku mbili baadaye, akasimama hapa dakika chache juani, akakumbuka basi la kurudi. Mama yake ndiye aliyejua mahali hasa, naye sasa alikuwa ndani ya uzio mweupe.

Akakiweka chini karibu na kisiki. Akarudi nyuma, akatazama, akakiinua. Akakiweka hatua mbili upande wa ziwa.

"Hapo?" Wahome akauliza.

Okinyi akakiinua tena. Nyasi zilikuwa zimekatwa sawasawa kila mahali.