Roshani ya Levi na Mama Mkwe Wake

Levi Ochola ni fundi wa viti vya magari mjini Homa Bay. Kibanda chake kiko kando ya barabara iendayo Kendu Bay. Matatu huletwa pale viti vikiwa vimefumuka, sponji imetoka nje kama matumbo ya samaki, kisha huondoka vikiwa vimeshonwa upya. Levi ni mrefu, mwenye maneno machache, na vidole vyake vimejaa alama za sindano. Tunaishi ghorofa moja, mlango wake ukipakana na wangu, na tangu nimfahamu sijamwona akiacha uzi ukining'inia.

Mwaka jana, mwezi wa Agosti, mama mkwe wake aliungua mkono. Mama Jedidah alikuwa nyumbani kwake Kosele akiepua karai la mafuta ya kukaangia, mpini ukamponyoka, na mafuta yakamwagikia mkono wa kulia kutoka kwenye kiwiko hadi vidoleni. Hospitalini walimwambia kidonda kisafishwe na kufungwa upya kila baada ya siku moja, na vidole vinyooshwe kwa mazoezi. Akiacha, ngozi itapona ikiwa imejikunja na mkono hautafunguka tena. Mama huyu ni mkulima na ni mjane. Mkono wa kulia ndio unaoshika jembe.

Kwenda na kurudi Kosele kulimtonesha, kwa hiyo ilibidi akae mjini. Mtu wa mbali angesema, si akae kwa binti yake Lynnet, mke wa Levi? Lakini kwa Wajaluo wa umri wake, mama wa msichana halali katika nyumba ya mume wa binti yake, wala hali chakula mbele yake. Wakikutana njiani, kila mmoja hutafuta upande wake. Si chuki. Ni heshima, na hupimwa kwa umbali. Siku hizi wapo wasiojali, lakini Mama Jedidah anajali. Sisi Wakuria tunayo desturi hiyo hiyo, tena kali zaidi, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa.

Alipata pa kulala kwa Edith, mwenzake wa kanisani anayeishi Makongeni. Shida ilikuwa mchana. Edith huuza dagaa wa omena sokoni na hufunga mlango alfajiri. Mama Jedidah akitoka hospitalini hakuwa na pa kwenda mpaka jioni. Lynnet alimsihi aingie aketi sebuleni, Levi mwenyewe akiwa kazini.

"Kiti kile si anakalia mume wako?" mama akauliza.

"Nitakuletea kingine."

"Na hewa ya humo ndani nayo utaniletea nyingine?"

Akakaa kwenye ngazi. Alikalia simenti, mkono umefungwa bendeji nyeupe, akisogeza miguu kila mpangaji alipopita. Jua la saa nane lilimpata pale pale. Baada ya siku chache alianza kumwambia Lynnet kwamba Kosele kuna mwanamke anayejua majani ya kidonda, na kwamba hospitali imemchosha. Lynnet alikuja kwangu macho yamemvimba. "Mama Mirumbe, hospitali haijamchosha," alisema. "Ni ngazi zimemchosha."

Aliyemchokoza Levi hadi akachukua hatua ni Sammy, mlinzi wa jengo letu, ambaye mdomo wake haujui foleni.

"Fundi," alimwita jioni moja langoni, watu wakisikia, "mji mzima unakalia sponji yako. Makanga anakalia sponji. Mbuzi wa kwenda Rongo anakalia sponji. Maro wako, mama mkwe mzima, anakalia simenti!"

Watu walicheka. Levi hakucheka. Alipanda juu, nikamsikia akimuuliza mkewe, "Kama ni nje, atakubali?"

"Nje wapi?"

"Balkoni ni nje. Haina paa la nyumba yangu. Ina paa la landilodi."

Lynnet alimpelekea mama yake neno hilo. Mama Jedidah alilifikiria kutwa nzima, kisha akasema kwamba sebule anaweza kuipita kama mtu anavyopita uani, bila kuketi, na kama kweli huko mbele ni nje, ataketi nje.

Roshani za nyumba zetu ni nyembamba, na ya Levi ilikuwa imegeuzwa ghala. Palikuwa na jiko la makaa lililotoboka, ndoo, kamba za nguo, na viti vya gari alivyopanga kushona siku moja. Alivitoa vyote. Alisugua sakafu, akapaka ukuta rangi ya kijani iliyobaki kwenye kazi ya basi la shule. Yeye na Lynnet walitandaza karatasi ya plastiki juu ya kitanda ili matone yasiharibu shuka wakati akipita na kopo la rangi. Upande wa magharibi, ambako jua la jioni huja kali kutoka ziwani, alitundika mkeka wa mafunjo ulionunuliwa Kendu Bay, akaufunga kwa namna ya kuukunja na kuushusha. Kwenye chuma cha ukingo alishona wavu mkuukuu wa kuvulia, akapanda maharagwe ya kutambaa kwenye makopo ya rangi chini yake. Pembeni akaweka mnanaa na mboga za managu kwenye mitungi ya plastiki aliyoikata katikati.

Kisha benchi. Alilitengenezea pale pale, likaenea ukuta hadi ukuta. Hapo alikwama. Hakujua mama mkwe wake anapenda kiti cha kimo gani, kwa sababu katika miaka yote ya ndoa hajawahi kumtazama akiwa ameketi.

"Magoti yake yanafika wapi?" alimuuliza Lynnet.

"Kama yangu, lakini amechoka."

Akapunguza miguu ya benchi. Akashona mto wa sponji nene, na upande wa kulia akaongeza mto mdogo ulioinuka ili mkono wenye kidonda upumzike juu kidogo, kama nesi alivyoagiza. Niliviona vyote kutoka roshani yangu, ambayo iko karibu sana na yake, mwanya tu katikati, ukinyoosha mkono unashika chuma cha jirani. Maharagwe yalitambaa. Upepo wa ziwa ukipita kwenye mnanaa, harufu ilifika hadi kwangu. Kusema kweli niliona wivu. Mimi kwangu nilikuwa na kamba ya nguo na ufagio.

Siku ya kumleta, Levi alikwenda kazini mapema ili asiwepo. Lynnet alimshika mama yake mkono mzima wakapanda. Mlango wangu ulikuwa wazi, nikawasalimia. Mama Jedidah aliingia sebuleni akitazama mbele tu, bila kugusa kitu. Lynnet akatangulia, akafungua mlango wa ndani.

Niliwasikia wakisimama. Halafu sauti ya mama, ndogo kabisa: "Lynnet. Hiki ni nini?"

Kilikuwa kitanda.

Mlango wa roshani yao uko ndani ya chumba cha kulala. Hakuna njia nyingine. Levi alikuwa amepita pale na rangi, mbao, udongo na maji, majuma kadhaa, na Lynnet akamshikia mlango, nami nikatazama kutoka kwangu, na hakuna aliyefikiri. Aishiye ndani ya nyumba haoni njia anayopita. Kwa mama mkwe, kuona tu kitanda cha binti yake na mumewe ni aibu ambayo mtu hairudii. Kupita kando yake kila siku lilikuwa jambo lisiloweza hata kusemwa kwa sauti.

Alikuwa ameshashuka ngazi kabla Lynnet hajaufunga mlango, leso imefunika nusu ya uso.

Levi aliitwa. Alikuja mbio, akasimama mbali na mama mkwe wake, nyuma ya tangi la maji uani, akiongea kupitia kwa mkewe ingawa sote tulimsikia.

"Mwambie nitakihamishia sebuleni."

"Mwambie," mama naye akajibu akitazama ukuta, "nitakikuta mlangoni badala ya kukikuta ndani."

"Mwambie nitaweka pazia."

"Pazia la kuficha kitu ambacho nimeshakijua kipo? Mwambie asijisumbue, ora wangu, mkwe wangu, amefanya kazi kubwa. Kesho narudi Kosele. Kuna majani."

Lynnet akaanza kulia. Sammy akaacha lango akaja. Mkono ule ulikuwa bado mbichi na vidole vilikuwa vimeanza kukunjika, tuliviona sote vikichungulia kwenye bendeji.

Mama Jedidah aliinua uso. Nadhani alitaka angalau kuiona ile kazi kutoka chini. Akatazama kijani kile kwa muda mrefu. Kisha macho yakasogea pembeni.

"Ile nyingine, yenye ufagio, ni ya nani?"

"Ya Mama Mirumbe," Lynnet akasema.

"Inapitia wapi?"

"Sebuleni," nikajibu. Nyumba yangu ni ya kona, imepangwa tofauti.

"Ina mwanamume?"

"Yuko Kehancha na ng'ombe wake, mama."

"Akae huko huko na ng'ombe," akasema, na kwa mara ya kwanza tangu aungue nikamwona akicheka.

Sikuwa na sababu ya kukataa. Aliyekuwa na la kupoteza ni Levi. Alisimama pale nyuma ya tangi akitazama juu, nikajua anafikiri nini. Alikuwa ameandaa mahali pa kumpokea mama wa mkewe kwake, aonekane mkwe anayejua kupokea, na sasa mahali hapo pangekuwa nyumbani kwa mtu mwingine. Akapangusa viganja kwenye suruali.

"Sammy," akaita, "leta kamba."

Benchi lilikataa kupita mlangoni kwa kuwa lilijengewa ndani. Ikabidi livushwe juu ya mwanya, kutoka chuma hadi chuma. Levi alikuwa upande wake, mimi na Lynnet upande wangu, Sammy chini akitoa amri ambazo hakuna aliyeziomba.

"Inua! Siyo huko, huko ni Tanzania! Mama Mirumbe, vuta kama unavuta mume kutoka Kehancha!"

"Sammy, ondoka hapo chini lisikuangukie," Lynnet akamkemea.

"Likiniangukia mimi lina sponji, mnaogopa nini?"

Lilivuka. Mkeka ukavuka, mnanaa ukavuka, mitungi ya managu ikavuka mmoja mmoja. Levi alikata miguu ya benchi tena kidogo kwa sababu sakafu yangu ina mteremko, akapima kwa chupa ya maji mpaka akaridhika. Maharagwe hayakuweza kuhamishwa. Yalikuwa yameshikana na wavu, na kuyang'oa ni kuyaua. Yalibaki kwake pamoja na ukuta wa kijani na sakafu tupu.

Kesho yake Mama Jedidah alitoka hospitalini akaja moja kwa moja kwangu. Aliketi, akauweka mkono juu ya mto mdogo, akafumba macho. Hakusema ni pazuri. Alisema, "Magoti yamefika."

Levi hakuonekana siku za kwanza. Alipita chini akiwa ameinamisha kichwa. Halafu Jumapili moja alasiri alitoka kwenye roshani yake kumwagilia maharagwe, akadhani hakuna mtu, kwa sababu mkeka ulikuwa umeshushwa nusu. Alipogundua, kopo la maji lilibaki hewani. Mama mkwe alikuwa pale, ubavu kwa ubavu naye, mwanya katikati.

Nilikuwa jikoni, mlango wazi. Niliona mama akigeuza uso kulielekea ziwa. Levi naye akageuza wake upande huo huo. Hapakuwa na desturi waliyoivunja. Kila mmoja alikuwa nje, kwenye nyumba tofauti, hatazami mwenzake.

"Ora," mama akasema.

"Mama."

"Hayo maharagwe umeyapanda karibu karibu."

"Kopo ni dogo, mama."

"Si kopo. Umeyabana kama abiria. Ng'oa moja katikati ya kila mawili, hayo mengine yatazaa."

Levi akachuchumaa, akaanza kung'oa. Mama alimsikiliza akifanya hivyo huku akikunja na kukunjua vidole juu ya mto, polepole, kwa uchungu, kama nesi alivyomfundisha. Lynnet huwa anamsihi ayafanye mazoezi hayo na yeye humjibu, "Baadaye."

"Hilo ulilong'oa lina mizizi?"

"Linayo."

"Usilitupe. Mpe Lynnet anipitishie huku na kopo la udongo, nilipande." Akakunja tena vidole. "Na umwambie kesho kutwa nina hospitali, anichemshie mapema maji ya kulowekea bendeji."