Picha ya Msiba, Mwenyewe Akiwa Hai

Sijawahi kuelewa kwa nini misibani tunabeba picha ambayo marehemu asingeikubali: imekuzwa kutoka kwenye kitambulisho, macho yamemtoka kama mtu aliyekamatwa.

Juzi, nikiwa katika studio moja mjini Sumbawanga, bibi mmoja kutoka Mollo, aliyekuja na binti yake, alimpa mpiga picha simu yake. Alikuwa amejipiga picha mwenyewe shambani, jembe begani, anacheka na pengo lake lote.

"Niwekee kwenye fremu. Ndiyo ya msiba wangu."

Mpiga picha akabofya kompyuta kidogo, makunyanzi yakafutika, pengo likaziba, jembe likatoweka begani.

Bibi akaisogelea picha, akaiambia, "We binti, mbona huniamkii?"

Tukacheka sote, isipokuwa binti yake. "Mama, acha hiyo hiyo. Ile ya jembe watu watasema tulikutelekeza."

"Hilo jembe nani kanishikisha? Nalima kwa sababu napenda. Siku hiyo mtamlilia nani, mimi au huyu?"

Nadhani uzee hautuogopeshi kama majirani wanavyotuogopesha.

Ikaamuliwa pengo na jembe virudi. Binti ndiye aliyemwambia mpiga picha, "Rudisha vyote," na ndiye aliyeibeba fremu hadi stendi, uso wa mama yake ukitazama watu.