Safari ya Popo Niliyoipanga Nikiwa Eda

Simu ya marehemu mume wangu niliificha ndani ya foronya. Kila adhuhuri, wifi yangu akiingia kuoga kabla ya kuswali, niliitoa, nikachomeka hedifoni, nikaendelea kupanga safari. Nilikuwa na miezi mitatu na siku kadhaa tangu nifiwe. Nimekaa eda chumbani kwangu Chang'ombe, nguo zangu hazina urembo, wanja sipaki, mlango wa nje sivuki mpaka itimie miezi minne na siku kumi, na akili yangu yote iko Mwali.

Mwali ni kile kisiwa kidogo katika Visiwa vya Komoro, visiwa vilivyoinuliwa na volkano kutoka chini ya bahari, njia ya kuelekea Madagaska. Watu wa kwetu huenda Ngazija, kisiwa kikubwa cha huko, kwa biashara au kwa sababu wana ndugu huko. Mume wangu alitaka kwenda Mwali kwa sababu ya popo. Yuko popo wa huko, mweusi tii, akikunjua mabawa hapiti mlangoni, na hapatikani kwingine duniani isipokuwa Mwali na kisiwa jirani cha Nzwani. Hulala akining'inia kwenye miti mikubwa ya milimani, na wala hasubiri giza kama popo wetu hawa. Jua bado lipo, yeye yuko juu anaelea kama mwewe.

Mume wangu alikuwa fundi umeme kiwandani, hapa hapa Chang'ombe, na ugonjwa wa kupenda popo aliupata huko. Juu ya dari ya ghala walikuwapo wengi, wale wadogo. Wenzake walipotaka kuwafukiza moshi, yeye aliomba apewe wiki moja, akaziba matundu kidogo kidogo kila walipotoka, mpaka wakahama wenyewe. Tangu hapo hakukamatika. Akirudi kazini anakaa kibarazani kuwatazama wanaotoka kwenye mikungu. Majirani walishaanza kumtupia macho, maana kwetu mtu anayependa popo haeleweki. Mimi nilimwita bwana popo, na nikimkasirikia nilimwambia akalale kichwa chini. Halafu siku moja akanionyesha picha ya popo wa Mwali amemkumbatia mtoto kifuani, mtoto macho yamemtoka, na nikajikuta namuuliza tunakwenda lini.

Tukapanga mwishoni mwa kipupwe, wakati wanapozaa. Pasipoti tulipata, chanjo ya homa ya manjano tukachoma, akanunua darubini ya mtumba yenye jicho moja zima na moja lina ukungu. Kisha Jumanne moja asubuhi, anafunga kamba za viatu aende kazini, presha ikamwangusha. Hakuinuka.

Siku ya arubaini, nikivuta uradi, niligundua kwamba mkono wangu unahesabu kitu kingine. Eda yangu ingeisha siku nane kabla ya ile ndege ndogo tuliyokuwa tumeipanga, ya kutoka Ngazija kwenda Mwali. Nilihesabu mara tatu. Nilitaka kwenda. Nitasema kweli, sikutaka kitu kingine chochote, si pilau ya kutoa eda wala gauni jipya wala kupelekwa kwetu nikapumzike. Nilitaka kumwona yule mnyama ambaye mume wangu alimtamani miaka sita akafa hajamwona.

Lakini ungemwambia nani? Mjane anayepanga safari ndani ya eda, watu wanasikia mjane anayeshangilia. Wifi yangu, dada mkubwa wa marehemu, aliyehamia kwangu kunitazama, alikuwa ananikemea hata nikicheka na mtoto wa jirani. Na kulikuwa na jambo lingine zito zaidi. Safari yote ilikuwa mikononi mwa mwongoza wageni mmoja wa huko Mwali, mwanamume, na mume wangu alikuwa akiwasiliana naye kwa simu yake. Kwa desturi ya nyumba ile mjane haongei na mwanamume asiye maharimu wake, yaani anayeweza kumwoa, hata kwa pazia ni kwa dharura.

Kwa hiyo sikuongea naye. Niliandika. Na niliandika kama mume wangu.

Yule bwana alikuwa mvivu wa kuandika, alituma sauti tu. Aliwahi kuishi Temeke miaka ya ujana, Kiswahili chake kilikuwa chepesi, chenye lafudhi ya kwao. Siku ya kwanza aliposema, "Kaka, umepotea, vipi, shemeji hajambo?" nilikaa na simu mkononi mpaka wifi akamaliza rakaa zote. Nilikuwa na maneno ya kumwambia. Badala yake vidole vikaandika: Hajambo, bado anaogopa mlima. Akacheka kwenye ujumbe uliofuata. Nami nikacheka, kimya kimya, na ndiyo nilikuwa nimeshanaswa. Kote nilikogeuka mume wangu alikuwa marehemu. Kwenye simu ile peke yake alikuwa anaulizwa saizi ya viatu.

Wiki kadhaa zikapita hivyo. Viatu viwe na soli ya kushika, kaka, ule udongo wa volkano ukilowa ni sabuni. Tutaanza kupanda baada ya alfajiri. Popo wakishtuka wanaweza kumwangusha mtoto, kwa hiyo juu kule hakuna kuongea, na shemeji asijipake manukato. Jioni tutashuka ufukweni kungoja kasa wakija kutaga. Mimi najibu sawa, sawa, nimeelewa. Ujumbe wa zamani, ule wa mwanzo aliotuma mume wangu mwenyewe, sikuwahi kuugusa. Nilijua upo juu kabisa, nauona mstari wake wa sauti. Nilikuwa nikifika karibu narudi chini haraka.

Kisha yule bwana akaanza kubana. Mwenye ndege alitaka idadi ya watu kabla ya Ijumaa. "Kaka, ni wawili bado, au vipi?" Sikujibu Jumatatu. Sikujibu Jumanne.

Jumatano adhuhuri nilitoa simu nikausikiliza tena ujumbe ule, na nilipojigeuza kitandani waya wa hedifoni ukachomoka. Sauti ya mwanamume ikajaa chumba. "Nasubiri jibu lako, nijue moja." Niliikandamiza simu kwenye godoro, nikahangaika kuizima, na nilipoinua macho wifi yangu alikuwa amesimama mlangoni, kanga ya kuogea kifuani, maji yanamchuruzika.

"Nani huyo?" akauliza.

Ningeweza kumwambia pale pale. Lakini mimi nina hasira za karibu, na aliniuliza kwa jicho ambalo tayari lilikuwa na jibu. Nikamwambia, "Umeingia bila hodi, wifi."

"Mdogo wangu hata udongo haujakauka, weshaanza kuongea na wanaume!"

"Maliza kuoga kwanza."

Hakumaliza. Kufika alasiri mama mkwe wangu, aliyekuwa akikaa chumba cha pili tangu msiba, alikuwa amesikia. Kufika kesho yake, Alhamisi, ameitwa baba mdogo wa marehemu kutoka Tandale, msemaji wa familia. Nilielewa vizuri kinachonisubiri. Wakiamini nina mwanamume, natoka kwenye nyumba ile na jina baya la kunifuata maisha, na Mwali nisahau. Nikiwaeleza, watasema natunga, nani anafunga safari kwenda kutazama popo?

Tuliketi kama desturi inavyotaka. Mimi chumbani, nyuma ya pazia la mlango. Wao sebuleni upande wa pili. Niliona miguu tu chini ya pazia, makubadhi ya baba mdogo, miguu ya wifi inayotikisika, na ya mama mkwe wangu imetulia, imevimba kwa ugonjwa wa sukari.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba mwanangu. Sie hatujaja kukuhukumu." Akakohoa. "Lakini limesikika neno humu ndani. Sauti ya mwanamume. Tunataka kujua ni nani."

"Ni mtu wa Mwali. Anapeleka watu kutazama wanyama."

"Wanyama!" Wifi akapiga kofi la mapajani. "Baba, unasikia? Wanyama gani hao wa kutazamwa simuni?"

"Popo," nikasema, na nikasikia baba mdogo akiguna. Nikaona hakuna maneno yangu yatakayovuka pazia lile yakafika mazima. Nikasema, "Mnataka kujua anachoniambia? Basi sikilizeni chote."

Nikaongeza sauti hadi mwisho, nikapandisha orodha ya ujumbe juu, nikapandisha tena, mpaka juu kabisa. Sikufikiri. Nilitaka wasikie yote tangu mwanzo ili asitokee mtu wa kusema nimechagua. Kidole kilikwishabonyeza ndipo nilipokumbuka mwanzo ni wa nani.

"Asalaam aleikum, kaka. Mie niko Dar, Chang'ombe hapa. Nataka kuja kuwaona popo. Sio utani, watu wakisikia popo wanacheka. Tutakuwa wawili, mie na mke wangu. Sasa mke wangu, usimwambie nimekwambia, muoga wa utelezi, halafu ana hasira. Akiteleza mara moja atanilaumu mpaka nazeeka. Mtafutie fimbo nzuri. Mpitishe yeye mbele, mie nitakuja nyuma yake, nimdake."

Kisha kwa mbali, ndani ya ujumbe ule ule, sauti ya mwanamke inasema, "Unaongea na nani huko? Chai inapoa." Ni mimi. Na yeye anacheka, anasema, "Umemsikia? Ndiye huyo."

Kwa wale wa sebuleni, marehemu alikuwa anazungumza kutoka chumbani kwake, nyuma ya pazia lake. Miguu ya wifi ikaacha kutikisika. Simu ikaendelea yenyewe kwenye ujumbe uliofuata, yule bwana wa Mwali akaanza kueleza habari za fimbo na viatu na watoto wa popo, na hakuna aliyemsikiliza. Nikaizima.

Mkono wa mama mkwe wangu ukapenya pembeni ya pazia, kiganja juu. Nikampa simu. "Pa kubonyeza wapi?" akauliza. Nikamwonyesha. Akausikiliza tena, na tena, mara nne, na kila alipofika kwenye kicheko nilimsikia akitoa sauti ndogo kooni. Wifi alikuwa analia waziwazi sasa. Mimi nilikuwa nimekaa sakafuni nimeuma kanga.

Baba mdogo ndiye aliyeuliza, taratibu. "Huyo mtu anajua kama mwenzio hayupo?"

"Hajui."

"Sasa miezi yote hii anaongea na nani?"

"Na mimi. Namjibu kama yeye."

Nilitegemea atafoka yeye, au wifi. Aliyefungua mdomo alikuwa mama mkwe wangu, na sijawahi kusikia hasira kama ile ikisemwa kwa upole namna ile. "Kwa hiyo wewe ulikuwa naye humo," akasema. "Anaulizwa hali, anajibu. Anaongea, anacheka. Na mie niko hapo, ukuta mmoja, kila siku namlilia peke yangu. Hukuniita hata siku moja."

Nililia kwa sauti. Ningejitetea vipi? Alisema kweli tupu. Nilikuwa nimejiandaa kujibu habari za mwanamume, na nimekamatwa na kosa nililolifanya kweli. Nikamwomba msamaha kupitia kitambaa. Wifi alitoka nje kunawa uso, na aliporudi alipiga hodi kwanza, akaingia chumbani kwangu, akakaa chini karibu nami.

Hapo mama mkwe wangu akaurudisha mkono pembeni ya pazia, simu kiganjani. "Mwambie huyo mtu wa watu. Asikae anamngoja mwanangu. Na usiandike. Mwambie kwa mdomo wako, hii ni dharura."

"Na safari, mama?"

Baba mdogo alianza kusema jambo kuhusu mwanamke kusafiri peke yake. Mama mkwe wangu akamkatiza. "Eda ikiisha imeisha. Ataenda alikokuwa anapelekwa."

Nilibonyeza pa kurekodi. Nikamwambia mimi ni nani, na Jumanne ile, na kamba za viatu, na kwamba majibu yote yalikuwa yangu. Nikamwomba radhi. Nikaachia kidole, na sote wanne tukakaa kungoja, wao huko, sisi huku.

Jibu lilikuja baada ya adhana ya alasiri. Yule bwana alianza na innalillahi, nyuma yake nikasikia upepo wa kwao na jogoo. Akasema alishachonga fimbo mbili. Akasema yeye mwenyewe atakuja nyuma yangu, nisihofu utelezi. Kisha, kwa aibu, kwa sababu kesho yake ilikuwa Ijumaa na mwenye ndege hangoji, akauliza ni watu wangapi.

Mama mkwe wangu alikuwa bado hajainuka. Niliona miguu yake chini ya pazia.

Nikabonyeza, nikasema, "Mmoja."